Saa Kumi na Moja Jioni: Namna ya Kutafuta Maana ya Maisha Baada ya Kuacha Pombe

Fundi mmoja wa ujenzi wa Nkuhungu, hapa Dodoma, aliniambia kwamba katika wiki ya kwanza ya kuacha pombe aliuosha mwiko wake mara tatu kila jioni. Mara ya kwanza aliuosha kwa sababu ulikuwa na saruji. Mara ya pili na ya tatu aliuosha kwa sababu saa kumi na moja ilikuwa imefika, kibarua kimekwisha, na miguu yake haikujua njia nyingine zaidi ya ile ya kwenda kilabuni. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mwiko unang'aa mapajani, na hakukuwa na mtu yeyote mjini aliyekuwa akimngoja.

Naanza na saa hiyo kwa makusudi. Watu wengi wanaotaka kumsaidia mraibu wa pombe humweleza ubaya wa pombe, jambo ambalo yeye analijua kuliko wao, kwa kuwa ini ni lake, madeni ni yake, na watoto wanaojificha akiingia nyumbani ni wake. Asilolijua ni la kufanya na maisha yanayobaki pombe ikishaondoka. Mwongozo huu unahusu maisha hayo. Nimeuandika kwa ajili ya anayeacha, na pia kwa ajili ya mke, mume, mzazi, kaka au jirani anayetembea naye. Nimeuandika nikiwa mtu aliyewahi kukaa juu ya ndoo kama ile kabla ya kuanza kukaa na wenzake.

Mwili kwanza

Usitafute maana ya maisha huku unatetemeka. Mtu aliyekuwa akinywa kwa wingi kila siku, hasa yule ambaye asubuhi hawezi kushika kikombe mpaka azimue, hapaswi kuacha kwa ghafla akiwa peke yake nyumbani. Mikono kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi huanza ndani ya siku ya kwanza tangu kinywaji cha mwisho. Degedege linaweza kumpata katika siku mbili za mwanzo. Na kati ya siku ya pili na ya nne baadhi ya watu huchanganyikiwa, huona wadudu au watu wasiokuwapo, hupandwa na homa, na wasipotibiwa wanaweza kufa. Familia nyingi zikiiona hali hiyo husema ni mapepo au amerogwa, zikampeleka anakoombewa kabla ya anakotibiwa. Ombeni, lakini ombeni mkiwa hospitali. Huko daktari atampa dawa za kumtuliza kwa vipimo vinavyopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, ambayo akiba yake mwilini huliwa na pombe na ambayo upungufu wake huharibu ubongo.

Sisi wa Dodoma tuna bahati ambayo tumeigeuza kuwa tusi. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe ipo hapa hapa mjini, lakini mtu akitajiwa jina hilo huona ameitwa mwendawazimu, naye hubaki nyumbani mpaka aanguke. Mwambie ndugu yako ukweli kwamba uraibu ni ugonjwa unaotibika, na kwamba anaweza kuanzia kituo cha afya cha karibu na kuandikiwa rufaa kutoka hapo. Msindikize wewe mwenyewe, ukae naye kwenye benchi mpaka aitwe.

Jiulize pombe ilikuwa inakufanyia kazi gani

Mwili ukishatulia, chukua daftari. Kwa jioni saba mfululizo andika saa uliyotamani kunywa, mahali ulipokuwa, mtu uliyemkumbuka, na kitu ulichokuwa unakitafuta. Asiyejua kuandika amwambie anayemwamini, naye amwandikie. Kazi hii inaonekana ndogo, lakini mimi naiona kuwa ya lazima kuliko zote zinazofuata, kwa sababu mtu hawezi kujaza shimo ambalo hajui kina chake.

Katika Ugogo pombe haikuanza kama ugonjwa. Mtama na uwele vikishavunwa, sehemu ilikwenda kwenye ugali na sehemu ikatengenezwa kimea, na pombe iliyotokana nacho iliwaita majirani kulima shamba la mmoja wao, ilisuluhisha waliogombana, ilimpokea mkwe na kumsindikiza marehemu. Mzee aliyepokea kata ya kwanza alikuwa ameambiwa na wote waliokuwapo, bila maneno, kwamba yeye ni mzee. Sasa anayemtaka mtu kama huyo aache pombe, bila kumwonyesha ni wapi atapokewa tena kwa heshima ile, anamtaka auache na uzee wake. Nimewaona wazee wa Chamwino na Bahi wakirudi kilabuni baada ya mwaka mzima, na walichokifuata kilikuwa ile nafasi yao kwenye benchi, karibu na mlango, ambapo kila anayeingia huanza kwa kuwaamkia "Mbukwenyi."

Mjini sababu ni nyingine. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa wingi mwaka 2016, wamekuja watumishi walioacha wake, waume na watoto Dar es Salaam au Mwanza, wakapanga chumba Kisasa au Ilazo, na jioni wakagundua kwamba mahali pekee panapowapokea bila miadi ni baa. Mmoja wao aliandika kwenye daftari lake, jioni zote saba, neno moja: "sauti." Alikuwa anafuata sauti za watu. Fundi wetu wa Nkuhungu aliandika "ofa," kwa maana siku ya malipo ndiye aliyekuwa tajiri wa kilabu kwa saa mbili, akinunulia meza nzima, wakati nyumbani alikuwa mtu wa kuulizwa tu ada ya shule iko wapi. Mama mmoja, ambaye alikuwa akinywa gongo jikoni usiku, watoto wakishalala, hakuandika kitu kwa siku nne. Siku ya tano aliandika jina la mtoto wake aliyefariki.

Majibu haya yana tofauti kubwa, na ndiyo maana ushauri wa aina moja hauwafai wote. Aliyetafuta heshima hatatulizwa na redio chumbani. Aliyefiwa hawezi kuponywa kwa kuingizwa kwenye kikoba. Anahitaji kwanza mtu wa kulia naye, na pengine mshauri wa saikolojia. Viroba, yaani pombe kali ya vipakiti, vilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Machi 2017, niliwafahamu watu waliofurahi kwa dhati kwamba sasa wataacha, na baadhi yao walikuwa wamehamia kinywaji kingine kabla ya mwezi kwisha. Kiroba kiliondoka dukani, lakini kilichomfanya mtu akiweke mfukoni asubuhi kilibaki naye.

Swali kubwa lisubiri

Madaktari wa nchi nyingine wamelijua pengo hili kwa muda mrefu. Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, alimwandikia barua Bill Wilson wa Marekani mnamo Januari 1961, akimweleza kwamba kiu ya pombe ya mgonjwa wake mmoja wa zamani ilikuwa, kwa ngazi ya chini, sawa na kiu ya roho inayotafuta kukamilika. Akakumbusha kwamba Kilatini hutumia neno moja, spiritus, kwa roho na kwa kileo kikali. Mwaka 1964 Wamarekani wawili, James Crumbaugh na Leonard Maholick, walitunga dodoso la kupima kiasi ambacho mtu anaona maisha yake yana kusudi, na miongoni mwa waliopimwa walikuwamo waraibu wa pombe, ambao alama zao zilikuwa za chini. Dodoso halisemi kipi kilitangulia, utupu au kileo. Kwa niliyoyaona, kila kimoja humlisha mwenzake: mtu hunywa kwa sababu siku haina kitu, na siku huzidi kukosa kitu kwa sababu amekunywa.

Hata hivyo nakusihi, katika miezi ya mwanzo usikae peke yako ukijiuliza "maana ya maisha yangu ni nini." Usingizi bado haujarudi, ubongo bado unajijenga, na swali zito namna hiyo likiulizwa saa nane za usiku hujibiwa na majuto peke yake. Chukua lililo dogo zaidi, ambalo lina jibu la ndiyo au hapana: je, kesho jioni kuna mtu atakayegundua nisipofika?

Tafuta mtu atakayegundua usipofika

Huyo Bill Wilson aliyeandikiwa barua na Jung alikuwa mlevi kweli kweli. Mei 1935 alijikuta katika hoteli moja mjini Akron, jimbo la Ohio, akiwa na miezi mitano tu bila pombe. Shughuli ya biashara iliyompeleka ilikuwa imevunjika, na kelele za baa ya hoteli zilikuwa zikimfikia pale aliposimama. Aliinua simu akaanza kuwapigia viongozi wa dini wa mji asioujua, akiomba wamkutanishe na mlevi mwingine, kwa sababu alikuwa amegundua jambo la ajabu: kwa miezi ile mitano alikuwa amewafuata walevi wengi akiwasihi waache, hakuna aliyeacha, lakini yeye mwenyewe hakuwa amekunywa. Walimpeleka kwa Bob Smith, daktari wa upasuaji ambaye pombe ilikuwa imekaribia kummaliza. Daktari huyo alikunywa kwa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, siku inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe.

Fundi wa Nkuhungu hakuwahi kusikia habari za Akron. Yeye alikuwa na bibi jirani, mjane mwenye miguu mibovu, ambaye maji ya mgao yakitoka alishindwa kubeba dumu kutoka bombani hadi kwake. Mkewe fundi ndiye aliyepanga jambo hili, bila hotuba: alimwambia bibi kwamba mumewe atakuwa analijaza pipa lake kila jioni, saa kumi na moja na nusu, kisha akamweleza mume kwamba bibi ameshaambiwa. Madumu mawili ya lita 20, safari tatu. Siku ya sita fundi alichelewa kazini, akafika giza likiingia, akamkuta bibi amekaa mlangoni na kibatari. "Mjukuu wangu," bibi akasema, "nilidhani umeumia." Fundi aliniambia kwamba alimjibu, "Samahani, bibi," akageuka haraka kuchukua dumu, ili machozi yake yasionekane, kwa sababu kwa miaka tisa kila aliyemsubiri mlangoni alikuwa anangoja kumgombeza.

Wajibu wa namna hii uchague kwa uangalifu. Uwe mdogo kiasi cha kuweza kuutimiza hata siku mbaya. Uwe na saa maalumu, na saa hiyo iwe ile ile ambayo zamani ilikuwa ya pombe, maana wajibu wa asubuhi haumwokoi mtu jioni. Uwe na mtu mwenye jina na uso upande wa pili, wala si "jamii" kwa ujumla. Usiwe na malipo kwa sasa, kwa kuwa fedha mkononi jioni ni mtihani mwingine. Na usihusu, angalau kwa mwaka wa kwanza, kumwokoa mlevi mwingine ukiwa peke yako: Wilson alilifanya hilo, lakini mimi nimewapoteza wawili waliomfuata rafiki kilabuni ili wamtoe, wakabaki naye. Mkienda, nendeni wawili, na mumfuate nyumbani kwake asubuhi.

Mifugo inafaa sana, na nashangaa kwa nini haitajwi zaidi. Mbuzi hurudi zizini jioni, na lazima mtu awepo wa kuwahesabu, kuwafungia na kumtazama yule anayechechemea. Mbuzi watatu wanatosha. Hawakukumbushi uliyoyafanya mwaka juzi, na hawakubali kungojeshwa hadi kesho.

Nyumba za ibada nazo zina nguvu hiyo hiyo. Swala ya magharibi na jumuiya ndogondogo zina saa, na zina watu wanaoona nafasi iliyo wazi. Ninachowaomba viongozi wake ni wasimsimamishe mtu mbele kutoa ushuhuda katika wiki ya pili. Mimi nilisimamishwa siku ya kumi na mbili, nikapigiwa makofi na vigelegele. Siku ya ishirini nilikunywa, na aibu ya makofi yale ilinizuia kurudi pale kwa karibu miaka miwili. Mpeni kufagia. Mpeni funguo za kufungulia milango. Ushuhuda utakuja wenyewe, pengine bila kipaza sauti.

Nyumba inayokula kutokana na pombe

Hapa mwongozo unaoandikwa mbali na Dodoma hausaidii. Mama wengi huku husomesha watoto kwa kupika pombe ya kienyeji, na anayeacha anaweza kuwa mume wa mpishi huyo, analala chumba kimoja na mapipa. Kumwambia mama aache biashara leo ni kuwanyima watoto chakula. Linalowezekana ni kuhamisha: mapipa yatoke ndani, kilabu kihame kutoka uani, upishi ufanyike kwa shoga au dada mwenye nafasi, huku mtaji ukielekezwa polepole kwenye maandazi, togwa, mboga au kuku. Mume ashiriki kuutafuta mtaji huo. Nyumba moja Mpunguzi ilichukua mwaka na miezi kadhaa kukamilisha hilo, na mume anasema mwaka ule ndio uliompa kazi ya kuamkia.

Zabibu ni jambo jingine. Mizabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mavuno huishia kwenye mvinyo, hivyo kijana wa Hombolo au Mvumi anayeacha pombe anaweza kujiuliza kama anaruhusiwa kuendelea na shamba la baba yake. Kwa maoni yangu aendelee. Mzabibu unadai kupogolewa kwa wakati, kupigwa dawa ya ubwiriunga, kumwagiliwa na kufungwa kwenye waya, na kazi za kurudiarudia zenye matokeo yanayoonekana ndizo zinazomjenga mtu. Akae mbali na mahali pa kukamulia na kuchachulia, auze zabibu za kula pale inapowezekana, na siku ya malipo asiende peke yake.

Madeni na aibu

Kuna daftari jingine, la mwenye kilabu, ambalo jina lako limo. Lilipe kupitia kwa mtu mwingine, usilipeleke mwenyewe. Madeni ya nyumbani ndiyo magumu: ahadi za sare za shule, simu ya mke iliyouzwa, msiba ambao hukuhudhuria kwa sababu ulikuwa umelala mtaroni. Usiombe msamaha kwa mkupuo mbele ya ukoo, kwani ukoo utakusamehe kwa adabu, ubaki na mzigo wako. Chagua deni moja lenye ukubwa unaoweza kuubeba, ulitimize kimya kimya, kisha useme kwa ufupi ulilolifanya na kwa nini. Nanyi ndugu, akikabidhi elfu tano msimuulize nyingine iko wapi. Wala asitegemee kuaminiwa kwa mwezi mmoja. Mtoto aliyezoea kumsikiliza baba akitembea uani ili ajue kama amelewa ataendelea kusikiliza kwa muda mrefu, na ana haki hiyo.

Kiangazi, harusi na misiba

Mvua za Dodoma huisha Aprili au karibu na hapo, na hazirudi mpaka mwishoni mwa mwaka. Kuanzia mavuno hadi Oktoba jembe limetundikwa, nafaka ipo ghalani, harusi na ngoma zimejaa, na pombe inapikwa karibu kila kona. Anayeacha wakati wa mvua, kazi ikiwa imempa mwili uchovu mzuri, hudhani amepona. Kiangazi ndicho kinachompima. Kipangeni mapema, mwezi wa nne, mkiwa bado shambani: kufyatua tofali, bustani ya mboga palipo na kisima, kujifunza kushona au kuchomelea, chochote chenye mwalimu au mteja anayengoja. Kwenye harusi na misiba omba kazi kabla ya kufika. Anayegawa maji ya kunawa, anayesimamia chungu cha ugali au anayepanga viti ana sababu ya kusimama, na hakuna anayemlazimisha kinywaji mtu mwenye birika mkononi. Ondoka kabla ya giza, ukiwa na mtu.

Ukiteleza

Kilabuni kuna methali wanayopenda kumwimbia anayerudi: aliyezoea kunyonga, kuchinja hawezi. Usiipokee. Kuteleza hutokea kwa wengi wanaopona, na hatari yake kubwa iko katika siku zinazofuata, pale mtu anapoamua kwamba kwa kuwa ameshaharibu, basi amalizie. Kama ulikunywa kwa siku kadhaa mfululizo, rudi kwanza kwa daktari kwa sababu nilizozieleza mwanzoni. Kisha rudi kwenye wajibu wako jioni ya kwanza unayoweza kusimama, hata kama bado unanuka, hata kama hujui utasema nini. Usisubiri mpaka ustahili.

Fundi wa Nkuhungu aliteleza mwezi wa saba, msibani kwa kaka yake, akapotea siku tatu. Siku ya nne, saa kumi na moja na nusu, alisimama mlangoni kwa bibi, macho mekundu, bila neno. Bibi alimtazama kitambo, akainua kifuniko cha pipa kumwonyesha maji yaliyobaki chini, yasiyojaa kata mbili, akamsogezea dumu kwa mguu.